Damu ya Mtoto Inakwenda Wapi? Mazungumzo Kutoka Maabara ya Kinga

Mara nyingi katika mazungumzo haya huwa tunaongea juu ya uji, choo safi, maji ya kuchemsha na sindano za kliniki. Leo nataka kukupeleka mahali ambapo akina mama wengi hawajawahi kuingia, ingawa damu yao imeingia. Ni maabara ya chuo kikuu, ambako watu hushinda mchana kutwa wakichunguza kinga ya mwili. Mimi hufanya kazi huko. Nililelewa hapa Makutano, Meru, na kila nikirudi nyumbani swali ninaloulizwa ni lile lile.

Mara ya mwisho aliniuliza nyanya mmoja aliyekuwa akiuza ndizi karibu na steji. Alinitazama, akajipangusa mikono kwa leso, akasema, "Mwanangu, naambiwa nyinyi ndio mnatoa watoto damu. Hebu niambie, hiyo damu mnaipeleka wapi?"

Sikukasirika. Hilo ni swali la haki kabisa. Kwa miaka mingi tumesikia hadithi za damu inayouzwa, za waabudu shetani, za gari lisilojulikana linalozunguka vijijini. Mtu akija na koti jeupe na sindano, akasema maneno magumu matatu, akachukua damu na asionekane tena, hadithi kama hizo zinapata pa kukaa. Nadhani sisi watafiti tumezilisha wenyewe kwa kunyamaza. Kwa hiyo nitakuambia yale niliyomwambia yule nyanya, na mengine ambayo sikupata nafasi kumwambia kwa sababu matatu yangu ilikuwa imejaa.

Tuanze na kinga yenyewe. Redioni tumezoea kusema kwamba chembe nyeupe za damu ni askari wa mwili. Mfano huo si mbaya, lakini una upungufu mmoja: unakufanya ufikiri askari wote ni sawa. Sivyo. Ziko chembe zinazomeza mdudu wa ugonjwa mara tu akiingia, bila kuuliza yeye ni nani. Ziko nyingine ambazo humjua mdudu mmoja tu. Ya surua haina habari na ya polio. Hizo ndizo zinazokumbuka. Na ziko zinazotengeneza kingamwili, yaani vitu vidogo mno ndani ya majimaji ya damu vinavyomshika mdudu na kumzuia asiingie mwilini zaidi. Kingamwili ya surua hushika surua, ya pepopunda hushika sumu ya pepopunda. Haziazimani kazi.

Jambo la ajabu, na ambalo linakuhusu wewe mama moja kwa moja, ni kwamba mtoto mchanga huzaliwa akiwa na kingamwili ambazo hakuzitengeneza. Ni zako. Zilipita kwenye kondo la nyuma wakati wa mimba, nyingi zaidi katika miezi mitatu ya mwisho. Ndiyo maana mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati huwa na akiba ndogo. Na ndiyo maana ukiwa mjamzito hupewa sindano ya pepopunda: wewe unatengeneza kingamwili, mtoto anapokea, na kitovu chake kinapokatwa tayari amelindwa. Baada ya kuzaliwa unaendelea kumpa nyingine kwa njia ya maziwa, hasa yale ya kwanza ya manjano ambayo zamani watu wengine waliyakamua na kuyamwaga wakidhani ni machafu.

Lakini akiba ya kuzaliwa haidumu. Inapungua wiki kwa wiki, kama gunia la mahindi ambalo kila siku mtu anachota na hakuna anayeongeza. Swali la mtafiti ni hili: inaisha lini? Huwezi kulijibu kwa kumtazama mtoto usoni. Anaweza kuwa mnene, anacheka, anatambaa, na gunia limebaki tupu. Lazima upime damu.

Sasa tuifuate hiyo damu.

Nesi akitoa damu ya utafiti kwa mtoto mdogo, mara nyingi huchukua kiasi cha mililita 2 hivi. Kijiko cha chai kinabeba mililita 5, kwa hiyo ni chini ya nusu ya kijiko. Mtoto wa kilo 7 ana damu inayozidi nusu lita mwilini, na hicho kidogo kilichotolewa mwili hukirudisha bila shida. Najua kwamba machoni pa mama kile kichupa huonekana kikubwa. Hata mimi nilipotolewa mtoto wangu damu niliona kama wamejaza chupa ya soda.

Chupa hupewa nambari, si jina. Hilo ni jambo la maana. Mimi ninayeketi maabara sijui kama damu niliyoshika ni ya mtoto wa mwalimu au wa mchuma chai. Orodha inayounganisha nambari na jina hufungiwa mahali pengine, na wanaoruhusiwa kuifungua ni wachache. Kisha chupa huwekwa ndani ya kisanduku chenye barafu na kusafirishwa. Ikichelewa njiani, chembe nyeupe huanza kufa na kazi yote huharibika. Ukimwona kijana wa maabara anagombana na dereva asisimame kununua nyama choma, mwelewe.

Ikifika, tunaitia kwenye mashine inayozungusha kwa kasi sana. Ikitulia, damu imejitenga yenyewe: chini nyekundu, juu majimaji ya rangi ya manjano kama mafuta ya kupikia mepesi, na katikati utando mwembamba mweupe. Utando huo ndio chembe nyeupe. Majimaji ya manjano ndiyo yenye kingamwili. Wengi wanadhani damu ni kitu kimoja chekundu. Mara ya kwanza nilipoiona imejipanga hivyo, nikiwa mwanafunzi, nilisahau hata kuandika nilichoambiwa niandike.

Kipimo tunachokitumia sana kuhesabu kingamwili kinaitwa elaiza. Chukua sahani ndogo ya plastiki, ukubwa wa kiganja, yenye vishimo 96, safu 8 za vishimo 12. Kila kishimo kimepakwa chini kabisa vipande vya kirusi cha surua ambavyo haviwezi kuambukiza. Unatia majimaji ya mtoto, yamezimuliwa kwa maji maalum, tone moja tu kwa kila kishimo. Kama mtoto ana kingamwili za surua, zitashika pale chini. Kisha unaosha. Unaosha tena. Unaosha tena, kama mchele wenye mawe. Kilichoshika kinabaki, kisichoshika kinakwenda na maji. Halafu unatia dawa inayozishika kingamwili za binadamu, unaosha, unatia nyingine inayobadili rangi. Kishimo chenye kingamwili nyingi kinakolea rangi. Chenye kidogo kinapauka. Kisicho na kitu kinabaki cheupe kama maji.

Ukosefu mdogo wa kuosha unaweza kumpa mtoto kinga ambayo hana. Kwa hiyo katika kila sahani tunaweka vishimo vya ushahidi: kimoja tunajua hakika kina kingamwili, kingine tunajua hakika hakina. Kile kisicho nacho kikibadilika rangi, sahani nzima tunaitupa na kuanza upya, hata kama ni saa mbili usiku na gari la mwisho limeondoka. Nimetupa sahani nyingi. Inauma, lakini heri kutupa sahani kuliko kumwandikia mama uongo.

Labda sasa unasema, sawa, umeona rangi. Mimi na mtoto wangu tunapata nini?

Chukua kadi au kijitabu chako cha kliniki. Utaona chanjo ya surua, au ukambi kama wengi tunavyoiita, imeandikwa miezi 9. Kwa nini 9? Kwa nini si siku ya kuzaliwa pamoja na ile ya kifua kikuu? Nani alichagua?

Jibu lilitoka katika damu ya watoto, na sehemu ya damu hiyo ni ya watoto wa Kenya. Mwaka 1977 jarida la Shirika la Afya Duniani lilichapisha matokeo ya utafiti uliofanywa na Wizara ya Afya ya Kenya pamoja na shirika hilo. Watafiti walipima jinsi kinga ya surua ya mama inavyopungua kwa mtoto katika mwaka wa kwanza, na jinsi chanjo inavyoshika katika miezi mbalimbali. Shida yao ilikuwa kama ya mtu anayetaka kupanda. Ukimchanja mtoto mapema mno, kingamwili za mama bado ziko, zinakikamata kirusi dhaifu cha chanjo kabla mwili wa mtoto haujajifunza chochote. Sindano imekwenda bure. Ukingoja mno, kinga ya mama imekwisha, na surua yenyewe inafika kabla ya nesi. Wakati huo surua ilikuwa ikiwapata watoto wa Afrika wakiwa wadogo sana, wengine kabla ya kutimiza mwaka. Utafiti wa namna hiyo, huo wa Kenya ukiwa mmojawapo, ndio uliofanya miezi 9 ichaguliwe kwa nchi kama zetu. Mpango wa chanjo wa Kenya ulipoanzishwa mwaka 1980 njia ilikuwa imeshaoneshwa.

Huenda una dada yako Marekani anayekuambia kwenye simu kwamba huko watoto huchanjwa surua kati ya miezi 12 na 15, na kwamba huku tunaharakisha. Wote mko sawa. Kwao surua ni adimu, wanaweza kungoja kinga ya mama iishe kabisa. Sisi hatukuwa na nafasi hiyo ya kungoja.

Lakini miezi 9 ina gharama yake, na hapa naomba unisikilize vizuri. Ukichanja watoto 100 wa miezi 9, karibu 85 hupata kinga. Wale 15 wengine walichanjwa, walilia, kadi ikaandikwa, na bado hawana. Huwezi kuwatambua. Nesi hawezi kuwatambua. Ni kwa sababu yao Kenya iliongeza dozi ya pili ya miezi 18 mwaka 2013. Tangu 2016 sindano hiyo inakinga surua na rubela pamoja. Lakini miezi 18 mtoto anatembea, hanyonyi sana, mama amerudi shambani au sokoni, na kliniki imesahaulika. Huwa naona kadi nyingi zenye nafasi tupu pale chini.

Na surua si upele tu. Wazee wetu walikuwa wakisema mtoto aliyepona ukambi hubaki mnyonge kwa muda mrefu, anashikwa na kila kitu. Tulidhani ni udhaifu wa kutokula. Mwaka 2019 watafiti walichapisha kazi waliyoifanya kwa watoto wa Uholanzi ambao hawakuwa wamechanjwa. Walipima kingamwili zao kabla ya surua na baadaye. Watoto walikuwa wamepoteza kati ya asilimia 11 na 73 ya kingamwili walizokuwa nazo, si za surua, bali za magonjwa mengine waliyokuwa wameshayashinda. Surua inafuta kumbukumbu. Mtoto anaanza tena kama mgeni mbele ya mafua, nimonia na kuhara. Chanjo haikufanya hivyo. Wazee waliona kweli. Maabara ilikuja kueleza sababu.

Sasa nitakuambia jambo ambalo si rahisi kulisema.

Miaka kadhaa iliyopita nilifanya kazi katika maabara ambayo sitaitaja. Tulikuwa tumekusanya damu ya watoto walipofika miezi 6, na tulipanga kuilinganisha na ya miezi 9. Majimaji ya damu yalihifadhiwa katika friza ya baridi kali, nyuzi 80 chini ya sifuri. Ikaja sikukuu ya siku nne. Umeme ulikatika, jenereta ikawaka kama inavyotakiwa, kisha ikazima mafuta yalipokwisha. Kengele ya friza ilikuwa inalia katika jengo lisilo na mtu. Mlinzi aliisikia, akadhani ni ya gari. Na zamu ya kupita kuangalia Jumapili ilikuwa yangu. Sikwenda. Nilikuwa huku Makutano, kwenye harusi ya binamu yangu, nikajiambia hakuna kitakachoharibika kwa siku moja.

Jumanne tulikuta maji sakafuni.

Fedha za utafiti huweza kutafutwa tena. Lakini mtoto hutimiza miezi 6 mara moja tu. Wale watoto walikuwa sasa na miezi 7, miezi 8. Damu ile haikuweza kuchukuliwa tena. Tuliandikia kamati ya maadili ya utafiti barua ya kueleza kila kitu, kisha tukarudi kwa akina mama. Nilitaka mwenzangu ndiye aseme; kiongozi wetu akakataa, akasema nitasema mimi. Tuliketi kwenye benchi nje ya zahanati. Nilisema damu ya watoto wenu imeharibika, kosa ni letu, na mimi nina sehemu katika kosa hilo. Walinyamaza. Mama mmoja akauliza, "Kwa hiyo alilia bure?" Sikuwa na jibu. Watatu walijitoa katika utafiti siku ile, na ilikuwa haki yao. Waliobaki walitaka kujua ni nani sasa atakayelala karibu na hiyo friza. Swali zuri. Tangu hapo kengele ya friza hupiga simu za watu watatu, na mimi ni mmoja wao. Imeniamsha mara nyingi, karibu zote bila sababu.

Nakueleza hayo ili ujue kwamba damu ya mtoto wako, ikifika kwetu, inaweza kutunzwa na inaweza kupotezwa. Hakuna uchawi. Kuna watu.

Tuendelee. Kuna kipimo kimoja ambacho huwatia akina mama hofu isiyo na sababu, na pengine matumaini yasiyo na sababu, nacho ni cha VVU kwa mtoto mchanga. Kipimo cha haraka cha kutoboa kidole hakitafuti kirusi. Kinatafuta kingamwili. Umeshaona shida? Mama mwenye VVU humpitishia mtoto kingamwili zake za VVU kama anavyompitishia za surua. Mtoto huyo anaweza kuonyesha kwamba anazo hata akifika miezi 18, ingawa yeye mwenyewe hana kirusi. Kwa hiyo kwa mtoto mdogo hutumika kipimo kingine kinachotafuta kirusi chenyewe. Kwa kawaida akiwa na wiki 6 anatobolewa kisigino, matone machache huachwa yakauke kwenye karatasi nene, na karatasi hupelekwa maabara kubwa. Jibu huchukua siku kadhaa. Najua siku hizo zilivyo ndefu. Ukiambiwa ungoje, si kwamba wanakuficha. Na ukiambiwa urudi kupima tena mpaka miezi 18 na baada ya kumwachisha ziwa, rudi, maana kunyonya nako kuna njia yake ya kuambukiza iwapo mama hatumii dawa vizuri. Jambo jingine: watoto hao mara nyingi hupokea kinga ndogo ya surua kutoka kwa mama, kwa hiyo hapa Kenya hupewa dozi ya surua ya ziada wakiwa na miezi 6. Mkumbushe nesi akisahau.

Nairobi ina historia ndefu katika kazi hii. Kuanzia miaka ya 1980 watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzao wa Chuo Kikuu cha Manitoba, Kanada, walifanya kazi na wanawake wa Majengo waliokuwa wakijipatia riziki kwa biashara ya ngono. Aliyewafungulia mlango alikuwa muuguzi, marehemu Profesa Elizabeth Ngugi, ambaye aliketi na wanawake hao na kuwasikiliza kabla ya kuwaomba chochote. Wakagundua kwamba wachache kati yao hawakuambukizwa VVU ingawa walikutana nacho mara nyingi mno. Damu yao ilichunguzwa, na ikatoa tumaini la chanjo. Mwaka 2001 majaribio ya kwanza ya chanjo ya UKIMWI nchini yalianza Nairobi, yakishirikiana na Chuo Kikuu cha Oxford na yakiongozwa na marehemu Profesa Job Bwayo. Chanjo ile haikuamsha kinga ya kutosha. Mpaka leo dunia haina chanjo ya UKIMWI. Hii ndiyo kazi yetu ilivyo. Miaka kumi yaweza kuisha na jibu likawa hapana. Jibu la hapana nalo huandikwa, ili mwingine asipite njia hiyo hiyo.

Kwa malaria habari ni nzuri zaidi. Mwaka 1961 watafiti walichapisha jambo walilolifanya Gambia: walichukua kingamwili kutoka damu ya watu wazima waliokwisha kuumwa malaria mara nyingi, wakawapa watoto wagonjwa, na wadudu wa malaria wakapungua katika damu ya watoto hao. Tangu hapo watu wanajiuliza, katika kingamwili zote zile, ni zipi hasa zinazofanya kazi? Mmoja wa wanaolitafuta jibu ni Mkenya mwenzetu, Profesa Faith Osier. Alisomea udaktari Chuo Kikuu cha Nairobi, akatibu watoto Pwani, kisha akaingia maabara katika kituo cha utafiti cha Kilifi. Mwaka 2019 alikuwa Mwafrika wa kwanza kuongoza muungano wa dunia wa vyama vya wataalamu wa kinga. Chanjo ya kwanza ya malaria ilijaribiwa Kilifi, Siaya na Kombewa miongoni mwa mahali pengine Afrika, na Septemba 2019 ikaanza kutolewa kwa watoto wa kanda ya Ziwa Victoria. Katika majaribio ilizuia karibu visa 4 kati ya 10. Si ukuta kamili, basi chandarua kinabaki kitandani.

Kwa sisi tunaoishi huku kwenye baridi kuna funzo lingine la kinga ya malaria. Mtu mzima wa Kilifi au Siaya ana kinga kidogo aliyoijenga kwa kuumwa tangu utotoni. Wewe wa Makutano huna, na mtoto wako hana. Ukimpeleka Desemba kumsalimia shangazi yake Kisumu au Mombasa, usiangalie watoto wa huko wanavyocheza nje jioni ukadhani na wako ni hivyo hivyo. Lala naye chini ya chandarua. Akipata homa, hata wiki mbili baada ya kurudi, mwambie daktari mlikotoka.

Akina mama wengine huniuliza juu ya binti zao, kama msichana anaweza kufanya kazi hii. Anaweza. Wenzangu wengi ni wanawake. Ajitahidi katika bayolojia na kemia. Wengine hupitia chuo cha mafunzo ya tiba, wakasomea teknolojia ya maabara, wakapanda polepole. Wengine huenda moja kwa moja chuo kikuu, kisha shahada ya pili, kisha ya uzamivu. Ni miaka mingi. Mshahara mara nyingi hutegemea fedha za mradi, mkataba wa miaka miwili au mitatu, na mradi ukiisha unatafuta mwingine. Siku za kazi hazina mpaka, maana chembe tunazozikuza kwenye joto la nyuzi 37, sawa na la mwili, hazijui Jumapili. Atachanjwa homa ya ini kabla ya kugusa damu, atavaa glavu hata mikono ikiwasha. Simwambii mtu kazi ni rahisi. Lakini siku sahani inapokolea rangi pale ulipotarajia, unasahau kidogo.

Iwapo mtafiti atakuja kwako, hata kama ni mimi, hizi ndizo haki zako. Aeleze kwa lugha unayoielewa, Kimeru, Kiembu au Kiswahili, kwa nini anataka damu, kiasi gani, mara ngapi. Akuonyeshe kibali cha kamati ya maadili. Akuulize peke yake kama damu itakayobaki inaweza kuhifadhiwa au kupelekwa nchi nyingine. Unaweza kukubali moja na kukataa lingine. Mwombe akuache na karatasi ulale nayo, uzungumze na mumeo au mama mkwe. Ukikataa, mtoto atatibiwa kama kawaida. Ukikubali leo na kesho ukabadili nia, unajitoa bila kueleza sababu. Utarudishiwa nauli, lakini damu hainunuliwi. Akikuahidi pesa nyingi, shuku. Na muulize lile ambalo wengi husahau kuuliza: matokeo utatuletea lini, na ni nani atakayeyaleta?

Yule nyanya wa ndizi alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema mjukuu wake anayemlea amefika miaka miwili na nusu, na ile sindano ya miezi 18 hakuipata kwa sababu mama yake alikwenda kutafuta kazi Nairobi. Aliogopa kwenda kliniki kwa kuwa nesi angemgombeza. Nilimwambia aende tu. Dozi iliyochelewa bado hutolewa, haianzwi upya, wala hailipiwi katika kituo cha serikali. Abebe kijitabu, na kama kimepotea aende hivyo hivyo, aseme mtoto alichanjwa wapi mara ya kwanza ili waangalie rejista.